Kutafuta mtoto kwa bomba la sindano: Lililo halali, lililo haramu na lililosahauliwa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tumepokea swali kutoka kwa dada yetu mmoja wa Tunduma, mkoani Songwe. Jina lake tunalihifadhi. Ameolewa miaka saba iliyopita na hajajaaliwa mtoto. Mumewe ni dereva wa lori la mizigo, katika yale malori yanayovuka mpaka kuingia Nakonde na kuendelea hadi Kongo. Akitoka hukaa wiki tatu. Akirudi hulala nyumbani siku nne au tano, kisha huitwa tena Dar es Salaam kwenda kupakia. Mamamkwe amekwishatamka mbele za watu kuwa mwanawe atafutiwe mke mwingine mwenye kuzaa. Jirani mwenye huruma amemletea vidonge vya homoni, vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari, na amemwelekeza namna ya kuingiza manii ya mume kwa bomba la sindano hapo hapo nyumbani. Jirani yule yule akaongeza jambo la pili kwa sauti ya chini: ikiwa mume hayupo, au mbegu zake hazina nguvu, yupo kijana mwenye afya anayeweza kutoa zake, na hakuna atakayejua.

Dada yetu anauliza: Je, hilo la kwanza ni halali? Na hilo la pili, maadamu hakuna kuguswa mwili, lina ubaya gani?

Tunamshukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Tunajua kuwa hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba kiasi cha mtu mmoja kati ya kila watu wazima sita hupatwa na tatizo la kukosa uzazi katika umri wake. Maana yake ni kwamba katika kila msikiti, safu baada ya safu, wamo wenye kubeba mzigo huu kimya kimya.

Kukosa mtoto si aibu

Kwanza tuondoe aibu iliyowekwa mahali pasipostahiki. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba Yeye ndiye mgawaji: humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, huwachanganya, na humfanya amtakaye kuwa asiyezaa. Nabii Zakariya (A.S.) alizeeka, nywele zikageuka mvi na mkewe hakuwa mzazi, akaomba asiachwe peke yake. Mke wa Nabii Ibrahim (A.S.) alibashiriwa mtoto naye ni mkongwe, akastaajabu. Na Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), hakupata mtoto, Mtume (S.A.W.) akampa lakabu ya Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake. Nani katika sisi atathubutu kusema kuwa Bibi Aisha alipungukiwa na heshima kwa sababu hakuzaa?

Hivyo basi, anayemnyanyasa mke kwa kukosa mtoto anamgombeza kiumbe kwa jambo ambalo Muumba amelifanya liwe mikononi Mwake. Pamoja na hayo, kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mja kutafuta tiba. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, kwani hakuna ugonjwa usioteremshiwa dawa isipokuwa uzee. Nabii Zakariya aliomba. Nasi tunaomba, na tunakwenda hospitali.

Lililo halali

Wapo wanaodhani kuwa suala la manii kuingizwa bila tendo la ndoa ni uzushi wa wazungu wa zama hizi. Sivyo. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walilizungumza karne nyingi zilizopita. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu, kuwa eda humlazimu mwanamke aliyeingiliwa na mumewe au aliyeingiza manii ya mumewe. Na wafafanuzi wakasema kuwa nasaba nayo huthibiti kwa njia hiyo, kwa sharti manii yawe yametoka kwa njia isiyo ya haramu.

Baada ya mtoto wa kwanza wa kupandikizwa, Louise Brown, kuzaliwa nchini Uingereza tarehe 25 Julai 1978, wanavyuoni walirejea suala hili kwa upana wake. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq Ali Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati huo, alitoa fatwa ndefu juu yake. Kisha mwezi Oktoba 1986, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana mjini Amman, Jordan, likachambua njia saba za kutafuta mimba kwa msaada. Tano zikaharamishwa, kwa kuwa ndani yake kuna mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu. Mbili zikaruhusiwa inapokuwapo haja na tahadhari ikachukuliwa: yai la mke kurutubishwa nje kwa mbegu za mumewe na kurudishwa katika kizazi cha mke huyo huyo, na manii ya mume kuingizwa ndani ya mwili wa mkewe.

Kwa hiyo, swali la kwanza la dada yetu lina jibu. Manii ya mume kuingizwa kwa mkewe, ndoa ikiwa hai na wote wawili wakiwa radhi, hakuna ubaya katika asili yake. Masharti yake yasipuuzwe. Ndoa ikivunjika kwa talaka iliyokamilika, au mume akifa, ruhusa imekwisha. Manii yapatikane kwa njia safi, mume akiwa pamoja na mkewe na kwa msaada wake. Na jambo hili lisifanywe mchana wa Ramadhani, kwani linabatilisha saumu, usiku unatosha.

Lililo haramu

Ama hilo la pili, la kijana wa kutoa mbegu, jibu letu ni hapana, wala halina mlango wa nyuma. Dada yetu anasema hakuna kuguswa mwili. Ni kweli kuwa hilo si zinaa yenye adhabu yake, lakini linakutana na zinaa katika lile ambalo Sharia imelilinda, nalo ni nasaba. Mtume (S.A.W.) alikataza mwenye kumwamini Allah na Siku ya Mwisho asinyweshe maji yake shamba la mwingine. Makatazo hayo yanahusu maji yenyewe, hata yakipitia bombani.

Tuyatazame matokeo yake. Mtoto atabeba jina la mtu asiye baba yake, ilhali Surat Al-Ahzab, aya ya 5, inaamuru watoto waitwe kwa baba zao. Atarithi mali isiyokuwa yake na kuwapunguzia warithi wa haki. Wanawake wa ukoo wa mume watamvulia shungi wakidhani ni maharimu wao, na hali sivyo. Na kijana yule ana ndugu, na kesho atakuwa na watoto wake katika mji huo huo. Tunduma ni mji wa watu wengi, lakini ni mji mmoja: watoto husoma shule moja, huswali msikiti mmoja, hukutana soko moja. Nani atazuia mtoto huyo asije kumposa dada yake, ikiwa mwenye siri ni mama peke yake na amekwishafariki?

Isitoshe, kuna mume ndani ya jambo hili. Atamlea mtoto kwa miaka ishirini akiamini ni damu yake. Huo ni udanganyifu ndani ya nyumba, na mtu hujenga maisha yake yote juu yake bila kujua.

Bomba lina uwezo gani?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo jirani hakulieleza. Tendo la halali nalo linaweza kuwa halina faida, na Muislamu hapaswi kupoteza miaka yake katika lisilofaa.

Yai la mwanamke hutoka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka karibu na siku ya 14 tangu kuanza hedhi; mwenye mzunguko wa siku 32, karibu na siku ya 18. Likishatoka, huishi kwa saa 12 hadi 24. Mbegu za mume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hadi siku tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita tu katika mwezi: siku ya yai na siku tano zinazoitangulia.

Kuingiza manii kwa bomba nyumbani huyafikisha pale pale ambapo tendo la ndoa huyafikisha, wala hayafiki mbali zaidi. Kunawafaa wanandoa ambao tendo lenyewe haliwezekani, kwa mfano mume aliyeumia uti wa mgongo au kudhoofika nguvu, au mke ambaye misuli yake hukaza na kumletea maumivu makali. Kwa hao ni rehema. Lakini wanandoa wanaokutana bila tatizo hawapati ziada yoyote. Bomba halifungui mirija iliyoziba, wala haliongezi mbegu zilizo chache.

Njia hii imepata pia kutumika kwa haja nyingine. Mjini Kisumu, Kenya, watafiti waliwafundisha wanandoa ambao mke ana virusi vya UKIMWI na mume hana, namna ya kuzijua siku za mimba na kuingiza manii wenyewe nyumbani, ili mume asiambukizwe. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Leo haja hiyo imepungua, kwa kuwa imethibiti kwamba mwenye kutumia dawa barabara hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Tunalitaja hili kwa sababu katika mji wa mpakani wapo wanandoa wa namna hiyo, nao wana haki ya kupata watoto na kupata nasaha njema.

Anayeihitaji njia hii azingatie usafi. Chombo kiwe kisafi na kikavu, bomba liwe jipya na lisilo na sindano, na manii yatumike ndani ya saa moja bila kuchanganywa na maji, sabuni wala mafuta. Manii yanayowekwa katika jokofu la nyumbani yakimsubiri mume arudi safari hayafai kitu. Uhifadhi wa kweli hufanywa hospitali, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Na kamwe asijaribu mtu kuyasukuma ndani ya mfuko wa kizazi. Hilo ni la daktari, baada ya manii kusafishwa maabara; yakiingizwa ghafi huleta maumivu makali na huweza kuleta maambukizi.

Tukirejea kwa dada yetu, mume yuko nje wiki tatu na nyumbani siku nne au tano. Safari zake na mzunguko wa hedhi ya mkewe mara nyingi zitapishana. Baadhi ya safari atarudi akamkuta hedhini, na baadhi atarudi siku zikiwa zimepita. Madaktari huhesabu tatizo la uzazi baada ya miezi 12 ya wanandoa kukutana mara kwa mara bila kinga, au miezi sita ikiwa mke amevuka umri wa miaka 35. Je, katika miaka hii saba, ni miezi mingapi wawili hawa wamekutana katika zile siku sita? Huenda ni michache mno. Inawezekana kabisa kuwa dada yetu hahitaji bomba wala vidonge, bali anahitaji mumewe awe nyumbani siku inayotakiwa. Haya mamamkwe hakuyahesabu alipomtangaza kuwa ni tasa.

Vidonge vya homoni

Ama vidonge, tunasema kwa uwazi: asivinywe. Klomifeni na letrozoli ni dawa zenye manufaa makubwa kwa mwanamke ambaye yai lake halitoki inavyopaswa. Zimewapa wengi watoto. Lakini kwa mwanamke ambaye mirija yake imeziba, au ambaye mumewe hana mbegu, dawa hizo hazitampatia mtoto hata akizinywa miaka kumi, na madhara yake atayapata.

Kati ya mimba 100 zinazopatikana kwa klomifeni, kiasi cha 7 au 8 huwa za pacha, na wakati mwingine huwa zaidi ya wawili. Pacha ni neema, lakini mimba yake ina hatari ya kutoka mapema na ya kumwaga damu, nayo yahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Dawa hizi zaweza pia kuvimbisha vifuko vya mayai hadi tumbo likajaa maji. Klomifeni ikimtia mtu ukungu machoni, husimamishwa mara moja. Kwa sababu hizo daktari huzitoa kwa kipimo, hutazama kwa altrasaundi, na kwa kawaida haendelei na klomifeni zaidi ya miezi sita. Jirani hana altrasaundi. Huruma yake tunaithamini, lakini huruma isiyo na ujuzi huua.

Lililosahauliwa

Katika barua yote ya dada yetu, ndugu msomaji, kuna kipimo kimoja ambacho hakikutajwa hata mara moja. Mke ameshakunywa mizizi, ameshafanyiwa visomo, ameshapelekwa kwa mganga akitakiwa aseme nani amemfunga. Mume hajapimwa. Dada yetu anasema alipomgusia, alikasirika na kuuliza kama anatiliwa shaka uanaume wake.

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Madaktari wanatufahamisha kuwa katika kiasi cha nusu ya wanandoa wasiopata mtoto, mume ana sehemu katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Nguvu za mwanamume kitandani hazielezi chochote kuhusu mbegu zake. Mtu aweza kuwa na nguvu zote na asiwe na mbegu hata moja. Na kipimo chake ni chepesi kuliko vyote: ajizuie siku mbili hadi saba, atoe manii katika kichupa, yafike maabara ndani ya saa moja. Hapasuliwi wala hachomwi sindano. Kinyume chake, mwanamke hupigwa picha ya mirija kwa dawa inayopitishwa katika kizazi, jambo lenye maumivu. Ni uadilifu gani kuanza na lenye maumivu kwa mke na kuliacha lisilo na maumivu kwa mume?

Yapo pia maradhi ya zinaa, kama kisonono na klamidia, ambayo yasipotibiwa huziba mirija ya mwanamke kimya kimya. Hatumtuhumu mume wa dada yetu; dhana mbaya ni dhambi. Tunawakumbusha tu wanaume wote wa barabarani kuwa anayesimama pasipofaa hurudi nyumbani na mzigo ambao hautozwi ushuru mpakani, na anayeulipa ni mkewe.

Ama kuoa mke wa pili, Sharia imeruhusu kwa sharti la uadilifu. Lakini kuoa si tiba. Mwenye kasoro akioa wa pili bila kupimwa, ataongeza mwanamke wa pili wa kulaumiwa. Tena huenda huyo wa pili, kwa kuogopa yaliyompata mwenzake, akaikubali rai ya yule kijana. Hivyo dhuluma moja huzaa nyingine, na wote tutashangaa haramu imeingiaje.

Nasaha zetu

Dada yetu tunamnasihi hivi. Vidonge aviweke kando. Aandike tarehe za hedhi yake kwa miezi mitatu. Mume akirudi, aketi naye kwa upole, amwoneshe hesabu hii, na waende pamoja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, iliyoko Vwawa. Ikibidi wapewe rufaa ya Hospitali ya Kanda ya Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka Tunduma, yenye kitengo chake cha wazazi cha Meta. Kama mume atakataa kumsikiliza, amtafute mzee wa familia au imamu mwenye busara. Na yule mganga asirudi kwake tena; Mtume (S.A.W.) ameonya kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo hakubaliwi swala zake kwa siku arobaini.

Mume tunamwambia: Ndugu yetu, umeyaendesha magari ya tani nyingi katika mlima na ukungu. Usishindwe na kichupa kidogo. Omba ruhusa mwezi mmoja ubaki nyumbani katika siku zake. Mkeo hakukutilia shaka. Amekuchagua, na ndiyo maana amelikataa la kijana na kuuliza.

Mama mkwe tunamwambia kwa heshima: Mama, nawe ulikuwa mkamwana. Muombee mwanao na mkewe dua moja.

Na ikiwa baada ya juhudi zote Mwenyezi Mungu hakuwapa, wasione kuwa nyumba yao imefungwa. Mayatima wapo, na malezi yao yana ahadi kubwa. Mtoto alelewe kwa jina la baba yake. Na akinyonyeshwa na dada au mama wa mmoja wao, kabla hajatimiza miaka miwili, kwa idadi inayotakiwa ambayo katika madhehebu yetu ni mara tano, huwa maharimu katika nyumba hiyo. Sharia imefunga mlango wa nasaba ya uongo na imeacha wazi mlango wa rehema.

Maimamu nao tuwaombe jambo. Hotuba za ndoa zimejaa haki za mume. Itajwe na haki hii ya mke: asilaumiwe kabla mume hajapimwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu, Aliyemsikia Zakariya katika mihirabu yake, awajaalie wote wanaotamani watoto kizazi chema, awape subira wale Aliowachagulia subira, na azilinde nyumba zetu na haramu inayokuja kwa sura ya msaada. Amin.

Wabillahi tawfiq.